Mnatuuzia pikipiki nchi nzima, huduma mnaiacha mlikotuuzia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lenu niseme na wauzaji wa pikipiki hapa nchini, hasa wale mawakala wakubwa wenye shoorumu za vioo na mabango kila stendi, na niseme pia na serikali kwa upande wa wale waliopewa kazi ya kumlinda mlaji. Barua itakuwa ndefu kidogo naomba mnivumilie, jambo lenyewe linagusa watu wengi sana na sijaliona likiandikwa vya kutosha.

Jambo ni hili. Pikipiki zinauzwa kila kona ya nchi hii, Tanga zipo, Songea zipo, Mpanda zipo, Kasulu zipo, mtu anatoa hela yake taslimu au anachukua mkopo anapewa chombo kipya na kitabu cha waranti, lakini siku ukitoka nacho nje ya mji ulikonunulia kikakusumbua njiani ndo unagundua ile waranti inaishia getini kwa aliyekuuzia. Huko mbele unakuta bango lile lile, rangi ile ile, jina lile lile, ila ukiingia ndani unaambiwa hukununua hapa.

Mimi naishi Kibaha. Nina pikipiki ya cc 150, hizi za Kihindi ambazo kila mtu anazijua, niliinunua mpya na servisi zote nimefanya kwa wakati pale pale waliponiuzia, kitabu kimegongwa muhuri kila ukurasa unaotakiwa. Mwaka huu nikaamua kwenda nayo Mpanda kwa mzee wangu. Wapo watakaouliza kwanini nisipande basi, sababu ni kwamba nilikuwa na kazi ya shamba kule ya kuzunguka vijiji, na bila chombo chako utakuwa unakodi kila siku mpaka hela iishe kabla kazi haijaisha. Kwahiyo nikafunga mzigo, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga alafu Mpanda, ni zaidi ya kilometa 1,300.

Mpaka Mikumi mambo safi kabisa, ile barabara inakatisha hifadhini kama kilometa 50 hivi na pale huwezi kukimbia maana wanyama wanavuka muda wowote. Tatizo likaanza mbele, Ruaha Mbuyuni, pale wanapouza vitunguu, mahali ni bondeni na joto lake mchana ni kali kweli. Pikipiki ikazima yenyewe tu ikiwa kwenye mwendo. Piga stata, haiwaki, piga kiki, haiwaki, petroli ipo, plagi nikaichomoa ipo kavu na haitoi moto. Nimekaa kivulini chini ya mbuyu kama nusu saa nikajaribu tena ikawaka kama haina tatizo lolote, nikaondoka, kufika mwanzo wa mlima Kitonga ikazima tena. Wanaoijua Kitonga wanajua ile kona na ile kona nyingine, malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa gia ya kwanza moshi mweusi, pembeni ni ukuta wa mawe na upande wa pili ni korongo, sasa uwe hapo na pikipiki iliyozima katikati ya kona na mzigo nyuma, sio mahali pa mtu kusimama. Nilipanda mlima ule kwa vipande vipande, inawaka inakwenda kidogo, inazima, naisukuma pembeni inapoa, tunaendelea. Ilula nikafika jioni.

Ilula kuna fundi kijana pale karibu na wanaouza nyanya barabarani, akaisikiliza akaniuliza swali moja tu, braza, ikipoa inawaka? Nikasema ndio. Akasema hii sio plagi wala sio kabureta, hii inaweza kuwa sidiai, kile kiboksi kinachoamuru plagi itoe moto, au koili, ila mimi sina mita ya kupimia, nenda mjini kwa wakala wenu maana naona ipo ndani ya waranti, usikubali mtu akuuzie sidiai kabla hajapima. Hakuchukua hela yangu. Naomba wasomaji wakumbuke huyo kijana wakati wanasoma kinachofuata.

Kesho yake nikafika kwenye mji mkubwa wa huko nyanda za juu, mji siutaji na wakala simtaji maana lengo langu sio kumchafua mtu mmoja, nimeshasikia mambo haya haya kwa madereva wa chapa tofauti tofauti. Nikaingia shoorumu, pikipiki mpya zimepangwa mistari, kuna dada mapokezi ananisikiliza kwa heshima, nikatoa kitabu, nikatoa risiti ya EFD, nikaeleza. Akaenda ndani akarudi na bosi wake. Bosi akashika kitabu akaangalia muhuri akasema kaka hii hukununua kwetu, hii ni ya wakala wa Pwani, waranti yako inashughulikiwa na yeye, irudishe huko. Nikamwambia mkuu, kutoka hapa mpaka Kibaha ni karibu kilometa 500, na pikipiki haitembei. Akasema anaelewa lakini ndio utaratibu, kila wakala anadai kampuni kwa pikipiki alizouza yeye. Nikauliza basi nilipe mwenyewe, mnifanyie tu ukaguzi, wakasema fundi wao anakagua lakini ikionekana ni umeme spea haipo, inaagizwa Dar, wiki moja ama mbili.

Jamani. Mtu akiugua safarini hospitali haimwambii arudi alikozaliwa ndio akatibiwe.

Sina ugomvi na yule bosi kama mtu, aliongea vizuri na nadhani alikuwa anasema ukweli wa utaratibu aliopewa. Ugomvi wangu ni na huo utaratibu. Kampuni inayotengeneza ni moja kule India, anayeingiza hapa nchini anajulikana, namba ya chesisi imepigwa kwenye chuma pale shingoni mwa fremu na namba ya injini ipo, kwahiyo kujua pikipiki hii iliingia lini na imeuzwa lini na nani ni jambo la kufungua kompyuta. Leo hii hata hela natuma kwa simu kutoka kijijini inafika Dar kabla sijarudisha simu mfukoni, inakuwaje mawakala wawili wa kampuni moja washindwe kuulizana kuhusu koili?

Nikatoka pale naisukuma. Nyuma ya stendi kuna mafundi wengi wapo chini ya miti na vibanda vya mabati, mmoja mzee wa makamo hivi akaniita, akawasha akaiacha inguruma mpaka ikazima yenyewe, hapo hapo ikiwa bado ya moto akafungua tanki, akafuata waya unaotoka kava la kushoto, akaweka mita. Kimya. Akasema ngoja ipoe. Tumekunywa chai, akapima tena, mita ikasoma. Akanieleza vizuri kabisa, kwamba ndani kule kwenye sumaku kuna kikoili kidogo wao wanakiita pikapu, kazi yake ni kuiambia sidiai sasa hivi toa moto, na waya wake ni mwembamba sana, ukipata joto unatanuka na kama kuna mahali umekatika ndani basi pale panaachana, ikipoa panagusana tena. Ndio maana inawaka asubuhi inakufa mchana. Mafundi wengi hapo wangeniuzia plagi, alafu sidiai, alafu kabureta, ningemaliza hela zote na shida ipo pale pale.

Sasa spea. Nikampigia rafiki yangu yupo Kariakoo, nikamtumia picha ya namba kwenye kitabu, akaenda akanunua kile kikoili orijino, akakifunga akampelekea kondakta wa basi la jioni. Asubuhi nimekipokea stendi. Fundi akafungua kava, gasketi akaikata mwenyewe kwa mkasi kwenye karatasi ya gasketi, akafunga, na ile pikipiki haikuzima tena mpaka Mpanda na mpaka nimerudi nyumbani. Kwa hiyo wakala rasmi wa kampuni yenye kiwanda na makontena anahitaji wiki moja ama mbili, rafiki yangu na kondakta wa basi wametumia usiku mmoja. Mawakala mnisikilize hapo, mabasi ya vifurushi yapo kila siku kwenda kila mkoa, hamhitaji kujenga chochote kipya, mnahitaji mtu mmoja Dar mwenye simu na ufunguo wa stoo.

Baada ya Makambako, kupanda kuelekea Mbeya, pikipiki ikaanza kukosa nguvu, moshi mweusi kidogo, inakunywa petroli. Nikajua kule ni baridi na ni juu, na baadae fundi wa Uyole akanithibitishia, Uyole na Mbeya ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kabureta iliyosetiwa Pwani inaendelea kumwaga mafuta yale yale wakati hewa imepungua kwahiyo mchanganyiko unazidi mafuta na plagi inakuwa nyeusi. Akarekebisha kidogo skrubu ya hewa, akasafisha plagi na filta ya hewa ambayo ilijaa vumbi, ikapona. Kitu kidogo kama hicho hakipo kwenye kitabu changu, na kitabu chenyewe chote ni Kiingereza. Pikipiki hizi zinaendeshwa na watu ambao asilimia kubwa lugha yao ni Kiswahili, kampuni inatengeneza matangazo ya redio ya Kiswahili kizuri tu pale inapotaka kuuza, ila maelezo ya lini ubadilishe oili na cheni ikazwe vipi wanakuachia Kiingereza. Andikeni kitabu kwa Kiswahili, wekeni na ukurasa wa watu wa nyanda za juu, Iringa, Njombe, Mbeya, Sumbawanga ni wateja wenu hao.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Tunduma kebo ya klachi ilianza kuchanika nyuzi, nikaingia duka dogo la wakala wa chapa nyingine kabisa sio ya kwangu, dada aliyekuwepo akapima kwa macho akaenda stoo akaleta kebo tatu tukalinganisha ile ncha na urefu, moja ikaingia. Kijana wake akanifungia hapo hapo nje ya duka, akanipaka grisi, akaniambia ile ya zamani usiitupe ibebe kama akiba bado ina nyuzi. Hawana faida yoyote na mimi, sitanunua pikipiki kwao kesho, ila mpaka leo naliongelea duka lile. Huduma nzuri inawezekana na haihitaji vioo.

Tunduma kwenda Sumbawanga lami safi unapita Laela unakwenda bila wasiwasi, na kutoka Sumbawanga kuelekea Mpanda ukikaribia Sitalike upo kwenye hifadhi ya Katavi, pale mbung'o wanakung'ata juu ya nguo na hutaki kusimama kwa sababu yoyote. Nilipata pancha kabla ya hapo, kijijini, namshukuru Mungu haikuwa ndani ya hifadhi. Kijana wa pancha hana umeme wala mashine, anachukua pistoni ya zamani anaibana juu ya kiraka na klampu, anamwagia petroli kidogo ndani ya ile pistoni anawasha moto, kiraka kinaiva kinashikana na tyubu kabisa. Nimemaliza safari na kile kiraka. Hawa ndio wanaobeba usafiri wa nchi hii mabegani mwao na sijawahi kusikia kampuni hata moja iliyokwenda kuwapa hata boksi la spana.

Mpanda sasa ndo nikashangaa. Katavi ni mkoa kamili tangu 2012, mji umekua, pikipiki ni nyingi kuliko magari. Nikakuta duka linauza chapa yangu, mpya kabisa, na bango kubwa juu. Nikaomba oili filta na plagi nifanye servisi kabla ya kuingia vijijini. Wakaniambia sisi tunauza pikipiki tu, spea nenda sokoni. Sokoni ukifika swali la kwanza unaloulizwa ni hili, unataka orijino au ya kawaida? Na ile inayoitwa orijino ukiiangalia boksi lina jina la kampuni kubwa ya Japani lakini maandishi yamefifia, nyuzi za plagi zina makwaruzo, ncha imekaa upande. Plagi feki kwa mtu wa mjini ni usumbufu, atasukuma mpaka kwa fundi wa karibu, ila kwa mtu aliye katikati ya pori la Katavi na jua linazama ni jambo la hatari ya maisha. Breki shuu feki ndo mbaya zaidi, pikipiki zetu nyingi breki ni za dramu mbele na nyuma, ukishuka Kitonga na mzigo na shuu za kopi zinapata moto zinaanza kuteleza, hapo hakuna cha kukusaidia zaidi ya gia.

Najua mawakala nao wanalalamika kuhusu feki, wanasema wananchi tunapenda vya bei rahisi. Mimi nawajibu hivi, mwananchi atajuaje bei ya orijino kama haijaandikwa popote? Ukiuliza bei ya kebo kwa wakala huyu unatajiwa bei moja, kwa yule bei nyingine, mtu wa Mpanda anatajiwa bei ya tatu na hata kitu chenyewe hakipo. Bandikeni orodha ya bei mlangoni, plagi, kebo, breki shuu, cheni na sproketi, oili filta, tyubu, vitu kumi na tano vinavyokwisha mara kwa mara, bei moja nchi nzima pengine na nyongeza ndogo ya usafiri. Feki zitapungua zenyewe kwa sehemu kubwa maana mtu akikuta kitu cha kopi kinauzwa karibu sawa na orijino hatakinunua. FCC, yaani Tume ya Ushindani, wanakamata na kuteketeza bidhaa bandia na TBS, shirika la viwango, nao wanakagua, kazi hiyo tunaiona na tunawapongeza, lakini huwezi kumwambia mtu asinunue feki wakati orijino haipo ndani ya mkoa wake.

Na hapo hapo niwaombe FCC kitu kingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Bango likiandikwa huduma nchi nzima, alafu mteja mwenye risiti na kitabu kilichogongwa mihuri anakataliwa huduma kwenye mlango wenye jina lile lile, hiyo naona ni kumpotosha mlaji na ingefaa waitwe waulizwe. Sio lazima mtu apigwe faini, inatosha waambiwe ama mfute hayo maneno ama myatimize.

Mtu anaweza kusema hili ni jambo la wachache wanaosafiri mbali. Hapana. Fikiria kijana wa bodaboda aliye kwenye mkataba, kila jioni bosi anasubiri hesabu, pikipiki ikilala wiki inasubiri spea ya Dar yeye hesabu inamsubiri, deni linapanda, mwisho chombo kinachukuliwa na miezi yote aliyolipa inapotea. Fikiria afisa ugani, mwaka 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wawafikie wakulima, hao wapo kwenye kata za mbali huko ambako wakala hajawahi kufika, ikiharibika kitu kidogo chombo cha umma kinakaa ukutani mwa ofisi ya kata mkulima hamuoni mtaalamu. Fikiria nesi anayepeleka chanjo. Safari yangu ilinifanya nione kwa mfululizo kile ambacho hawa wanakipata kila siku wakiwa wamekaa mahali pamoja.

Ninachoomba mawakala na waingizaji wafanye hakihitaji mabilioni. Waranti isomwe kwa namba ya chesisi na ikubalike kwa wakala yeyote wa chapa hiyo, alafu wao wamalizane huko nyuma ya pazia nani anamdai nani, hilo sio la mteja. Kila anayeruhusiwa kuuza pikipiki alazimishwe kuwa na spea za msingi na fundi mmoja aliyefundishwa, kama hana basi asipewe pikipiki za kuuza. Wekeni namba moja ya simu ya wasafiri, mtu anatuma picha na namba ya chesisi, fundi wenu anamwelekeza, spea inapanda basi usiku ule ule kwa hela ya mteja kama sio ya waranti. Na kwenye barabara kuu, nazungumzia hii ya Tunduma, ya Mwanza kupitia Dodoma na Singida, ya Kigoma kupitia Tabora, ya Arusha na ya Lindi na Mtwara, kila baada ya kilometa 150 au 200 muwe na fundi mnayemtambua hata kama yupo chini ya mti, mpeni mita, mpeni boksi la spea kwa mali kauli, mpeni bango dogo tukipita tujue huyu ni wenu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunza mtaani bila kwenda darasani, wanapimwa na kupewa cheti, shikaneni nao. Yule mzee aliyenipimia koili angepata cheti kesho asubuhi, na yule kijana wa Ilula anakosa mita tu.

Kwa wenzangu mnaopanga safari ndefu wakati tunasubiri hayo, bebeni plagi ya orijino mliyonunua na risiti, kebo ya klachi na ya mafuta, kiungo cha kuungia cheni, tyubu moja ya inchi 17 maana kwa hizi 150 nyingi tairi za mbele na nyuma zote ni 17 na ikibidi itaingia kokote, pampu, soltepu, kipande cha waya, fyuzi, na spana namba 10, 12, 14 na 17. Oili iangaliwe kila asubuhi kabla hujawasha, injini hizi zinapozwa kwa hewa na zinabeba oili kama lita moja tu hivi kwahiyo ikipungua robo lita tayari ni nyingi. Cheni ikiwa na mzigo inalegea haraka, icheze sentimita 2 mpaka 3 pale katikati, ikazidi hapo kaza. Wanaotoka Ulaya na mapikipiki makubwa kutoka Cairo kwenda Cape Town, tunawaona wanapita, wanabeba hivyo hivyo na wakikwama wanaagiza kwa ndege mpaka Nairobi, sisi ndege yetu ni basi la usiku, kwahiyo kuwa na namba ya mtu unayemuamini Kariakoo kabla hujaondoka.

Mhariri, ombi langu la mwisho ni kwako. Mtume mwandishi aende kwa waingizaji wakubwa wa pikipiki hapa Dar awaulize mambo matatu na mchapishe majibu kama yalivyo: je, waranti ya pikipiki iliyouzwa Pwani inakubalika Iringa, Mbeya na Mpanda, ndio au hapana? Ni mawakala wangapi kati ya wale wanaouza wana fundi na stoo ya spea, na wapo miji gani? Na bei ya spea orijino inaandikwa wapi ambapo mwananchi anaweza kuisoma bila kuomba? Kitabu changu cha waranti, risiti na kile kikoili kibovu ninavyo nyumbani, mwandishi wenu akivihitaji nitavileta ofisini kwenu siku yoyote.

Msomaji wenu,
Mwendesha pikipiki,
Kibaha, Pwani